Fundi Cuthbert Chilumba na Upepo wa Nyumba ya Mawe

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Cuthbert Chilumba atakabidhi funguo za karakana ya misheni yetu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Bonifasia wa stoo, niandike wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi, kwa kuwa, wanasema, hakuna mtu aliyemsikiliza akilalamika kwa muda mrefu kuliko mimi. Nimekubali. Ila naomba nieleweke mapema kwamba sitaandika sifa tupu. Mwenyewe amekataa, na sababu yake mtaiona.

Baba Cuthbert ni mtu wa Lundo, kule ziwani, mtoto wa mvuvi aliyelima pia mihogo. Alipanda huku milimani akiwa kijana, ameitwa kuezeka bweni moja, kazi ya mwezi mmoja, na alikuja na shati la mikono mifupi. Mwezi wenyewe ulikuwa Julai. Wanaosimulia wanasema siku ya tatu alikutwa jikoni kwa masista amekumbatia sufuria ya uji na hataki kuiachia, mpaka paroko wa wakati huo akaenda kumletea koti lake mwenyewe. Tangu hapo hatukumwona tena bila sweta mbili na kofia ya sufu, hata Desemba. Sisi Wamatengo tulimcheka sana. Yeye alijibu kwamba Mungu aliumba milima hii kwa ajili ya kahawa, si kwa ajili ya watu. Lakini hakuondoka.

Alianza kama kibarua, akawa fundi seremala, halafu fundi wa kila kitu, na miaka kumi na minne iliyopita akapewa karakana nzima. Zahanati aliiezeka yeye. Matangi ya maji ya shule ni kazi yake, na madawati mengi ambayo watoto wenu wameyachora majina yao yalipita mikononi mwake. Alikuja Mwanglikana na anastaafu Mwanglikana, ingawa besi ya kwaya yetu ya Kikatoliki ameibeba yeye kwa miaka mingi, na kila Jumapili hakuacha kutuambia kwamba tunaimba kama watu wanaopanda mlima na gunia.

Sasa, tabia yake. Wageni humwita Fundi, lakini sisi tunamwita Mzee Itakuwaje. Ukimpa kazi, hasemi ndiyo wala hapana. Atavua kofia, ajikune, kisha aanze: itakuwaje mvua ikianza kabla bati halijafika? Itakuwaje ngazi ikiteleza? Itakuwaje fundi akiumwa na ufunguo uko kwake? Nimeshawahi kumwona akitoka getini jioni, akarudi kutikisa kufuli ya karakana, akaenda, akarudi tena kuitikisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndio msemo aliotupigia kila asubuhi, hadi tukawa tunaumalizia kabla yake.

Na mara nyingi, jamani, wasiwasi wake ulitufaa. Mnakumbuka alivyosumbua kikao kizima akitaka tuta la mawe lijengwe pale kona ya chini ya shule ya awali, eti itakuwaje lori la makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka likikosa breki? Tulimwambia barabara ya makaa haipiti hapa. Akalijenga tu, kwa mawe ya kuokota, baada ya saa za kazi. Mwaka uliofuata dereva mmoja, Sixbert, alipotea njia akitafuta pa kugeuzia, na lori likamshinda kwenye mteremko. Lilisimama kwenye lile tuta. Sixbert alishuka mzima, akalishika lile tuta kwa mikono miwili kama anamwamkia mtu mzima. Watoto walikuwa upande wa pili wakicheza.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba katika misheni hii tulizoea kulala usingizi kwa sababu yupo mtu mmoja anayeogopa kwa niaba yetu.

Nije kwenye Nyumba ya Mawe. Wote mnaijua, ile nyumba ndefu waliyoijenga mapadre wa kwanza, kuta zake nene na paa lake limeshapigwa viraka hadi halijulikani rangi. Wanaishi humo wazee saba, masista waliostaafu na makatekista wasio na ndugu wa kuwatunza. Kwa nje inapendeza. Ndani, mwezi wa sita na wa saba, upepo unaingia chini ya bati, unapita juu ya dari ya mbao na kushuka kitandani kwa mtu. Julai ya mwaka jana tulimzika Mzee Othmar, katekista, na kilichomwondoa ni kifua. Daktari akatuonya waziwazi kwamba Sista Hildegardi, aliyetufundisha wengi wetu kusoma, hatahimili msimu mwingine kama ule ndani ya nyumba ile.

Tangu siku hiyo Baba Cuthbert hakuwa na raha. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, na alisema hawezi kwenda kuota jua Lundo amwache mama yule kwenye barafu. Alijaribu mifuko ya nailoni, akajaribu maboksi, akajaribu kuziba kwa udongo. Upepo ulimpita. Ndipo marafiki wa misheni wakatuchangia kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukisikia: povu la kunyunyizia chini ya paa.

Alikuja nalo fundi kijana kutoka Dar es Salaam, anaitwa Vitalis, akiwa na mapipa mawili ya dawa, mashine inayonguruma na mpira mrefu wenye bunduki mbele. Wazee walihamishiwa hosteli, kwa sababu wakati linapulizwa na siku inayofuata mtu hatakiwi kuwemo. Bibi mmoja aliaga akiamini tunaua kunguni. Dari ilishushwa, Vitalis akavaa barakoa na miwani, akapuliza. Kile kinachotoka ni kama maji, lakini kikigusa bati kinaumuka papo hapo, kama unga wa maandazi uliosahauliwa kwenye beseni, na kinajaa kila upenyo. Kikikauka ni laini, ukikibonyeza kinarudi, kama mkate wa boflo.

Mzee Itakuwaje alimkalisha kijana wa watu kwa maswali. Itakuwaje bati likivuja? Vitalis alimweleza kwamba povu la aina hii vijishimo vyake viko wazi, maji yanapenya na kuonekana chini, kwa hiyo uvujaji haujifichi. Lile gumu ndilo linaloficha. Itakuwaje moto? Ndiyo maana dari inarudishwa chini yake, povu lisibaki wazi. Itakuwaje panya? Vitalis alikiri kwamba panya wa Mbinga hawajui. Mwishoni akamwonyesha matundu ya hewa juu ya kila dirisha, yale ya zamani yenye wavu, ambayo aliyaacha makusudi bila kuyapulizia. Alisema nyumba sasa imefungwa kila mahali, inapumua kwa matundu yale tu, yasiguswe. Mimi nilikuwepo, nimebeba chai. Baba Cuthbert alitikisa kichwa kwamba ameelewa.

Vitalis alipoondoka alituachia makopo machache ya povu dogo la kuzibia kando ya mabomba. Siku moja kabla wazee hawajarudi, Baba Cuthbert aliingia peke yake katika ile nyumba, akavua kofia, akatembeza kiganja ukutani chumba hadi chumba, akitafuta upepo. Aliupata. Ulikuwa unaingia kwa yale matundu juu ya madirisha. Mtu aliyetetemeka kwenye milima hii zaidi ya nusu ya maisha yake, ambaye ameshamzika Mzee Othmar, utamwambia nini? Alichukua makopo yale akaziba tundu moja baada ya jingine, akakata mabaki kwa kisu vizuri, akapaka chokaa. Alipita stoo kunirudishia makopo matupu, akaniambia hata mshumaa hautatikisika mle ndani. Alikuwa anacheka. Hakuuliza itakuwaje hata mara moja, na mimi, ole wangu, nilifurahi kumwona hivyo.

Wazee walirudi siku ya ukungu mzito. Na hapa wageni wanisikilize, maana Mmatengo hahitaji kuelezwa. Kwetu nyumba iliyolala tupu hailaliwi kabla moto haujaingia. Utaikuta imepoa, imenuna, na anayelala humo anajitafutia ugonjwa, ndivyo tulivyolelewa. Ottilia, mlezi wa wazee, aliwasha jiko la mkaa nje, akalipepea mpaka likawa jekundu bila moshi, akaliingiza sebuleni katikati ya wazee wote saba. Akafunga mlango kwa sababu ya ukungu. Hakufanya jambo geni. Miaka yote jiko lile lilikaa pale na hakuna aliyeumwa hata kichwa, kwa kuwa upepo uleule tuliokuwa tukiulaani ndio uliokuwa ukiitoa nje hewa yenye sumu ya mkaa.

Wakaanza rozari ya shukrani. Ottilia aliwasikia akiwa jikoni. Baba Cuthbert aliwasikia pia, alikuwa nyuma ya nyumba anashusha ngazi. Sauti zikapungua, zikabaki mbili, ikabaki ya Sista Hildegardi peke yake, halafu nayo ikakatika katikati ya Salamu Maria. Ottilia alitabasamu, alidhani joto limewapa usingizi, na kweli waliuhitaji. Lakini yule mtu wa ngazi alisimama. Anasema alijiambia kwamba Sista Hildegardi hajawahi kuacha sala katikati tangu amfahamu.

Nilisikia ngazi ikianguka, nikatoka stoo. Alikuwa ameshaupiga mlango teke, anavunja vioo vya madirisha kwa kiwiko, anapiga kelele tuwatoe, tuwatoe. Wazee walikuwa kwenye viti, vichwa vimeinama, rozari mikononi, na jiko linawaka zuri tu katikati yao. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Nilimshika miguu Mzee Florian, Ottilia akamshika mabega, tukamlaza kwenye majani mabichi. Baba Cuthbert alimbeba Sista Hildegardi mgongoni kama mtoto. Mmoja mmoja walianza kutapika na kulalamika kichwa, na kila aliyetapika tulimshukuru Mungu. Sista Hildegardi hakutapika wala kulalamika. Alipakiwa kwenye gari la misheni bado amelegea, na Baba Cuthbert akapanda nyuma akimshikilia kichwa, huku anamwita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Alikaa kwenye oksijeni, na hatukujua kama tutampata. Misheni nzima haikula. Huku nyuma, maneno yakaanza. Wapo waliosema povu lina sumu ling'olewe, kesho yake tayari wameleta majembe. Wapo waliomgeukia Ottilia, kwamba ni mzembe, anataka kuua wazee kwa mkaa, afukuzwe. Ottilia alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga. Sista Beata, mkuu wa nyumba, aliita kikao, na Baba Cuthbert akaja moja kwa moja kutoka hospitali bila hata kunawa. Hakuvua kofia, hakujikuna. Alisema maneno machache tu.

"Msimguse Ottilia. Povu nalo liacheni. Matundu niliziba mimi, kwa mkono wangu, na niliambiwa nisizibe."

Kisha akatoka, akachukua msumeno na patasi, akaenda kuyazibua. Alitoboa yote, akaongeza mengine chini karibu na sakafu, na kila kipande cha povu kilichoanguka alikiokota mwenyewe. Kwa mtu aliyehubiri maisha yake yote kwamba ufa uzibwe, kutoboa ukuta aliouziba kwa mapenzi si kazi ndogo. Nilimpelekea chai, akaiacha ipoe.

Sista Hildegardi alifumbua macho siku ya pili. Tulifurahi, halafu tukaanza kuogopa upya, kwa sababu Baba Cuthbert sasa hakutaka arudi kwenye nyumba ile. Nje ya nyumba ile kulikuwa na baridi kama ile iliyomuua Mzee Othmar. Ndani yake kulikuwa na mtego alioutega yeye. Hakuweza kuchagua. Tulipiga marufuku jiko ndani, lakini wazee walinong'onezana kwamba nyumba isiyopokea moto haina baraka, na tuliwajua, wangeliingiza kwa siri. Aliyetutoa hapo ni mgonjwa mwenyewe. Alituambia akiwa bado kitandani hospitali, sauti kama karatasi:

"Moto uingie, usalimie, utoke. Mgeni mwema hakai."

Ndivyo ilivyofanyika. Milango na madirisha vikiwa wazi kabisa, Ottilia aliingiza jiko, akalizungusha vyumba vyote, akalitoa kwa mlango wa nyuma hadi jiko la nje, na ndipo wazee wakaingia. Imekuwa desturi ya nyumba ile. Kulala wanalalia chupa za maji ya moto, na nawaambieni, povu linalishika joto la miili yao hadi asubuhi. Juni imeingia na ukungu wake wote, na Sista Hildegardi anakohoa kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi.

Baba Cuthbert alitakiwa kumalizia likizo yake iliyobaki nyumbani Lundo. Alienda kwa kusukumwa. Kuanzia siku ya kwanza kule, kila asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, simu ya Ottilia inaita. Hasalimii kama watu. Anauliza tu nani ameamka. Ottilia anamtajia wazee wote saba kwa majina, mmoja mmoja, na hawezi kuruka, maana akiruka jina moja Baba Cuthbert anamrudisha mwanzo. Siku moja simu ya Ottilia haikuwa na chaji, umeme ulikatika. Jua lilipopinda tukaona gari la Mbamba Bay linasimama getini, anashuka Baba Cuthbert na kaptura ya kulimia, matope miguuni, amekuja vilevile kama alivyotoka shambani. Alitupita wote hadi uani, ambako Sista Hildegardi alikuwa anachambua maharage juani. Akapiga magoti pale pale, akamwamkia shikamoo. Sista alimwitikia, akamtazama toka juu hadi chini, akamuuliza sweta liko wapi. Baba Cuthbert akalia mbele yetu wote, mwanamume mzima, wala hakujificha.

Kamati ilitaka habari hii isiandikwe. Walisema siku ya kuagana si siku ya kufukua, tuandike lori na matangi inatosha. Nilimpigia kumuuliza. Alikasirika. Alisema mabweni mawili na nyumba ya masista zinakuja kupuliziwa povu baada yake, na hapa kila mtu ana jiko. Akaniambia niandike kila kitu, maana sifa hazitoboi tundu.

Basi nimeandika, Baba. Wote waliosoma wamejua: povu likiingia, matundu yabaki, mkaa ukae nje. Nakiri naogopa. Tumezoea uogope wewe, na kuanzia Julai hii tutakuwa hatuna mtu wa kurudi kutikisa kufuli. Kijana atakayeshika karakana ni hodari lakini analala fofofo, ninamjua. Itabidi tujifunze kuuliza itakuwaje wenyewe, kila mmoja kwa zamu.

Kwa niaba ya misheni, wafanyakazi wenzako na kwaya iliyobaki bila besi, tunakushukuru kwa paa zote, kwa tuta, kwa mlango ulioupiga teke na kwa yale maneno machache uliyoyasema kikaoni. Mama watoto akulishe mbasa, samaki wa ziwa lenu, mpaka unenepe. Ziwa likupe hewa ya kutosha, na uzee wako uwe na jua.

Leo asubuhi nimepita Nyumba ya Mawe mwenyewe kabla ya kumaliza kuandika. Sista Hildegardi ameamka. Mzee Florian ameamka, ameshaanza kugombana na redio yake. Na wale watano wengine nimewaona kwa macho yangu, wameamka. Kwa hiyo kesho usipige simu, Baba Cuthbert, lala. Tutapiga sisi, Ottilia na mimi, kila asubuhi, na wewe ndiye utakayejibu kama umeamka.

Bonifasia Kinunda
Stoo